Ua la Kwanza Halitoki Mlangoni

Mkono wangu wa kulia umeanza kutikisika. Si sana: kikombe cha chai bado nakifikisha mdomoni bila kumwaga. Lakini mkono unaotikisika haufai kushika moto karibu na mshono wa shaba. Kanuni hiyo niliwawekea mimi mwenyewe, kwa hiyo nimejiondoa kabla hamjaanza kunitazama kwa huruma. Funguo za karakana mnazo. Nyundo zangu nimeziacha ukutani, kila moja kwenye msumari wake, na naomba zisihamehame.

Mliniomba niandike jinsi nilivyoijua kazi hii ya kutengeneza matarumbeta kwa mkono. Nilianza kwa kueleza zana, nikaacha, kwa sababu zana mnazijua na baadhi yenu mnazitumia vizuri kuliko mimi. Msichokijua ni asili ya kanuni mbili za hapa Mbale ambazo mmezinung'unikia tangu mlipoingia: kwamba kazi ya kwanza ya mwanafunzi haifanywi kwa ajili ya mteja yeyote, na kwamba mtu akija na mdomo ulioumia hapokelewi oda ya tarumbeta siku hiyo. Mlidhani ni ukaidi wangu tu. Ni mshtuko. Kanuni zote mbili zimetoka katika mshtuko mmoja.

Kabla ya matarumbeta nilikuwa fundi rejeta kule Jinja, kwenye njia inayoteremka Masese. Magari ya samaki yalikuja yakivuja maji, nami niliziba. Shule niliacha mapema, lakini nilikuwa na tabia ya kununua vitabu vya sayansi vilivyotumika, vile vinavyopangwa chini juu ya gunia, na kuvisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hata kama ukurasa wa kwanza haupo. Kwa njia hiyo nilijua kwamba sauti ni hewa inayotikisika, na kwamba bomba refu hutoa sauti nene na bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi inaitwa Urusi.

Siku moja mzee mwenye kofia ya darizi na tumbo la heshima alishuka kwenye bodaboda amekumbatia tarumbeta kubwa la besi lenye tundu ubavuni. Alikuwa Hajji Twaha wa mtaa wa Nalufenya, pale pale Jinja.

"Unaweza kuziba hili bila kuliunguza?"

"Naweza."

Nikaliziba. Akalipuliza pale pale barabarani, na mama mmoja aliyekuwa akipita na samaki akaangusha beseni. Hajji hakumwona. Alikuwa anautazama mshono wangu.

"Nani alikufundisha?"

"Rejeta."

"Rejeta haziimbi. Njoo Nalufenya uone vitu vinavyoimba."

Nilikwenda Jumatatu iliyofuata. Nilipokaribia nyumba nilisikia nyundo nyuma ya ua wa matete, mapigo yaliyolingana kama saa ya ukutani, nikajiambia kwamba huyo Hajji ana mkono. Nikazunguka. Hajji alikuwa ameketi kwenye mkeka anakunywa chai. Aliyekuwa anapiga nyundo ni mwanamke mfupi, kitenge kimekazwa kiunoni, mtandio umefungwa nyuma ya shingo ili usiingie motoni. Mbele yake palikuwa na chuma kirefu kilichochongoka kama pembe ya ng'ombe, na juu ya chuma hicho shaba ya manjano ilikuwa inafunguka kidogo kidogo kila alipoigonga. Nilisimama mdomo wazi. Nilikuwa nimeona wanawake wakilima, wakiuza, wakifundisha shule, hata wakiendesha malori. Hili sikuwa nimeliona.

"Asalaam alaikum," nikasema. "Mama, fundi yuko wapi?"

"Wa kupuliza au wa kutengeneza?"

"Wa kutengeneza."

"Basi kaa chini. Na usisimame kwenye mwanga wangu."

Hajji akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi napuliza tu, kijana. Napuliza, nauza, nakunywa chai. Fundi ni huyo anayekutukana."

"Sijamtukana bado," akasema Hajjat Nuriati, mkewe, bila kuinua macho.

Baba yake Hajjat alikuwa akifua masinia na mabirika ya shaba. Hajji alikuwa mpiga tarumbeta wa harusi. Walipooana, bwana harusi aliingia nyumbani na tarumbeta lililokanyagwa na lori, na bibi harusi akalinyoosha kabla ya mwezi kuisha. Baada ya hapo akataka kujua kama anaweza kutengeneza jingine kuanzia mwanzo. Ndivyo karakana ilivyozaliwa. Pistoni walinunua kutoka kwenye matarumbeta yaliyokufa, na mpaka leo pistoni hatutengenezi. Yaliyobaki yote yalitoka kwenye mikono yake.

Sehemu ile pana ya mbele, inayofunguka mahali sauti inapotokea, yeye aliiita ua, nasi tumeendelea kuiita hivyo. Ua hukatwa kutoka kwenye bati la shaba kama fundi cherehani anavyokata sketi. Ukingo mmoja hukatwa meno madogo, ukingo wa pili huingizwa katikati ya meno hayo, kisha mshono hunyunyiziwa chembe za lehemu na unga wa boraksi na kupelekwa motoni. Kuna nukta ambayo lehemu huacha kuwa chembe na kukimbia kama maji kwenye ufa. Ukichelewa kidogo baada ya nukta hiyo, shaba yenyewe nayo inayeyuka, na unabaki na tundu la kupitisha ngumi. Mara ya kwanza nilipoona kazi ya asubuhi nzima ikitoweka hivyo mbele ya macho yangu, nilitazama chini ya jiko kana kwamba imeanguka huko. Hajjat akaniuliza kama nimeiona.

Alinifundisha kuangalia moto nyuma ya pazia la gunia, kwa sababu jua huficha rangi. Shaba inayotaka kulainika huwa na wekundu wa buni iliyoiva mtini, si zaidi. Ukiitoa hapo na kuiosha kwenye maji ya betri, inakubali nyundo tena. Ukiipiga bila kuilainisha inapasuka. Kwa muda mrefu nilifanya mishono tu. Baadaye nilipiga nyundo tu. Kisha kukunja mabomba tu. Hakuniruhusu kufanya ua moja kutoka bati mpaka ukingo wa mwisho, na nilipomuuliza sababu, akanionyesha kopo la chembe za lehemu.

"Unajua hii imetoka wapi?"

"Shaba na zinki ya betri za tochi. Niliiyeyusha mwenyewe wiki iliyopita."

"Shaba ipi?"

Sikujua. Akaniambia. Mwanafunzi akimaliza ua lake la kwanza alilolifanya peke yake, linakatwa kwa mkasi wa bati, linayeyushwa na zinki, linasagwa kwa tupa kuwa lehemu. Baba yake alikata sinia lake la kwanza hivyo hivyo. Yeye alikata ua la kwanza la kila aliyepita pale. "Ua la kwanza halitoki mlangoni," akasema. "Ukilipenda la kwanza, utalitengeneza hilo hilo mpaka uzeeke."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kumtia mwanafunzi adabu, kama yale ya kumwambia mtoto kwamba akimeza mbegu utamwota mti tumboni.

Hajji aliona kwamba bendi za shule na za harusi ni nyingi huku Mbale kuliko Jinja, akanileta nifungue tawi hapa tulipo, chini ya mlima Wanale. Maua yalitoka Jinja yakiwa tayari, kila moja limefungwa kwenye leso, nami nilikunja mabomba, nikaunganisha na kusawazisha sauti. Wiki ya kwanza nilivunja mabomba mengi kuliko niliyoyakunja. Tulikuwa tunajaza bomba lami ili lisibonyee wakati wa kukunja, na Jinja nilizoea kuanza mara tu baada ya staftahi. Hapa nilifanya hivyo hivyo na mabomba yakapasuka kama muwa. Nilibadilisha lami, nikabadilisha shaba, nikapekua vitabu vyangu vyote. Kosa lilikuwa mlima. Wanale iko upande wa mashariki, jua linachelewa kuuvuka ukingo wake, na lami ya asubuhi ilikuwa bado imelala kwa baridi. Ndiyo maana hamkunji bomba mpaka kivuli kitoke uani. Nilijaribu pia kutumia nta badala ya lami, nta ambayo haikuchujwa, kutoka kwa warina asali wa huko juu. Nyuki wakaja kuichukua nta yao, nasi tukawaachia karakana mpaka jioni.

Kisha Hajji akafariki. Alirudi msikitini baada ya alasiri, akasema amechoka, akajilaza, hakuamka. Nilikwenda Jinja kuzika. Hajjat aliingia eda, hatoki nyumbani wala hashiki kazi mpaka muda wake uishe. Aliniita mlangoni, akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Maua yaliyobaki yachukue. Yakiisha, subiri."

Yakaisha. Nami ningesubiri, kama asingekuja Korporali Okiror.

Alikuwa askari kutoka upande wa Soroti, mpiga tarumbeta wa bendi ya kikosi chake, mtu mrefu, kofia yake imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ameivaa. Alipofungua mdomo nilishtuka nikajisahau, nikamkazia macho. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mdomo wa juu ulikuwa na kovu lililovuta upande mmoja.

"Nilianguka na boda, fundi," akasema. "Daktari alishona vizuri. Kula nakula. Kuongea naongea. Lakini tarumbeta imekataa mimi. Nikipuliza, hewa inatoka hapa kwa kando, fffff, kama tairi."

"Umepumzika muda wa kutosha?"

"Nimepumzika mpaka nimechoka. Sasa afande mkubwa wa bendi amesema gwaride ikifika na mimi bado sijapiga, nitoke kwa bendi. Nishike bunduki kwa geti."

"Bunduki si mbaya, afande."

"Bunduki kila mtu anashika." Akajipiga kifuani. "Lakini tarumbeta ni mimi. Tangu nikiwa kijana, hakuna kitu ingine. Wewe nifanyie tarumbeta yenye itakubali hii mdomo. Hiyo ya kikosi ni ya kiwanda, inataka mdomo ya kiwanda."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu kosa letu sote wawili lilikuwa ndani yake na hatukulisikia. Alitaka tarumbeta. Mimi nilikuwa mtengenezaji wa matarumbeta. Basi tukaanza.

Nilipasha nta, safari hii iliyochujwa, nikamwambia aibane kati ya midomo kama anayetaka kupuliza. Nikapata umbo la mdomo wake, kovu na pengo na vyote. Kutoka kwenye umbo lile nikachonga kipulizio, kile kipande kidogo cha kuwekea midomo, kwenye mashine ya kukereza: ukingo mnene upande wa kulia, mwembamba na ulioshuka upande wa kovu, na shina limepinda kidogo. Kilikuwa kitu kibaya machoni. Alikijaribu, hewa ikatoka. Nikakirekebisha. Ikatoka kidogo. Nikakirekebisha tena na tena mpaka siku moja kikatoa mlio mkali kama wa nzi aliyenaswa chupani, na Okiror akakiondoa mdomoni akakitazama kama kimemwita kwa jina.

"Imeshika," akanong'ona. "Fundi, imeshika!"

Nilifurahi, lakini kwangu mimi kipulizio kilikuwa mwanzo tu wa kazi. Kazi ilikuwa ua. Nilikata bati mwenyewe, nikaunga mshono mwenyewe, nikapiga, nikalainisha, nikapiga. Okiror alikuja kila alipopata ruhusa, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapuliza kipulizio chake kitupu huku mimi nikigonga. Lilipotimia, niliupitisha mkono ndani yake na sikuhisi mshono ulipo. Nikaliunganisha na mabomba na pistoni. Akaliinua, akafumba macho, akapiga mwito wa kukusanya askari. Duka la jirani lilinyamaza. Muuza chapati alisimama na chapati mkononi. Mimi nilikuwa nimejua kwa vitabu kwamba hewa ikitikisika inakuwa sauti, na sasa nilitazama bati nililolinunua kwa kipimo cha kilo likifanya hivyo.

Gwaride lilikuwa Jumatatu. Alhamisi Hajjat Nuriati alifika, safari yake ya kwanza baada ya eda. Alikuwa amekonda. Alikunywa chai, akaomba kuona kazi. Okiror alikuwepo, akasimama kwa heshima.

"Mama, sikiliza kwanza," akasema, akapiga.

Hajjat alisikiliza kichwa kimeinama. Wimbo ulipoisha akasema, "Mashallah." Akanyoosha mikono akapewa tarumbeta. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, chini mpaka juu.

"Ua hili sikulileta mimi."

"Hapana, Hajjat. Nimelifanya."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Hata kushika upande mmoja wa bati?"

"Hata hilo."

"Kwa hiyo ni la kwanza."

Nilitabasamu. Niseme ukweli, nilidhani ananipongeza. Akageuka ukutani, akachukua mkasi wa bati, akasema "Bismillahi," akakata. Alianzia ukingoni akashuka mpaka shingoni kwa mikato mitatu mirefu, na shaba ikajikunja pande mbili kama ganda la ndizi. Shaba nyembamba ikikatwa hulia. Sijawahi kuisahau ile sauti, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwatuma nyinyi dukani kila nilipolazimika kukata bati, mkidhani nawapa mapumziko.

"Mama!" Okiror akapiga ukelele. "Mama, unafanya nini? Mama!"

"Litatengenezwa jingine, afande."

"Lini? Gwaride ni Jumatatu! Wewe mwanamke una wazimu? Fundi! Fundi, sema kitu!"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nilikuwa najaribu kukumbuka kikombe huwekwa wapi.

"Lina kosa gani?" hatimaye nikauliza. "Hajjat, niambie kosa lake."

"Halina kosa."

"Mshono?"

"Mzuri kuliko wangu wa kwanza."

"Basi kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Nilikuambia Nalufenya, ukacheka." Sauti yake haikupanda. "Langu nililikata mwenyewe. La Hajji, lile moja alilojaribu, nililikata, Mungu amrehemu, na alikuwa na harusi ya kwenda kupiga siku hiyo. Nilikuambia pia usubiri."

"Huyu mtu hakuweza kusubiri!"

"Basi ungemwambia hivyo."

Okiror alikuwa amesimama juu yake, ngumi zimefungwa, na niliona wazi kwamba kama Hajjat angekuwa mwanamume, angempiga. Hajjat hakurudi nyuma. Alikuwa mfupi kiasi kwamba alilazimika kumtazama kwa kuinua kidevu, na mkasi bado ulikuwa mkononi. Okiror akanyakua mabaki ya tarumbeta mezani, akang'oa kipulizio chake, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akatoka bila kofia.

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nilijaribu kutengeneza la pili. Hajjat alizungusha feni ya jiko, akanikatia meno ya mshono, akafanya kila nililomwomba bila neno. Nilikuwa na haraka, na shaba inajua mtu mwenye haraka. Jumapili jioni, nikiwa kwenye ukingo wa mwisho, mshono ulifunguka kuanzia juu mpaka katikati. Tuliutazama. Hajjat akasema, "Banange, jamani," akaketi chini sakafuni kama mtoto, na hapo nikaona kwamba naye alikuwa ameogopa tangu Alhamisi.

Jumatatu tulikwenda kwenye uwanja wa gwaride kwa miguu. Sijui tulikwenda kufanya nini. Nadhani tulitaka kuwa mahali ambapo Okiror angeweza kututukana kama angetaka. Tulisimama nje ya uzio pamoja na watoto wa shule na wauza karanga. Nilimtafuta getini, miongoni mwa walioshika bunduki. Hakuwepo. Bendi ikaingia, ngoma kwanza, halafu shaba.

Alikuwa safu ya pili.

Nilimshika Hajjat mkono, jambo ambalo si la adabu, naye hakuutoa. Okiror alikuwa amebeba tarumbeta la kikosi, la kiwandani, lile lile lililomkataa. Bendi ikanyamaza. Akatoka mstarini hatua chache, akaliinua, na mwito wa kukusanya askari ukatoka safi, bila fffff, bila kukatika. Alikuwa amelishika limeinama kidogo upande mmoja, kwa pembe ninayoijua, kwa sababu niliipima mimi. Kwenye mdomo wake kulikuwa na kile kipande kibaya chenye shina lililopinda.

Nataka mwelewe jinsi nilivyoshtuka, nyinyi mnaojua vipimo. Kila shina la kipulizio katika karakana yetu, tangu siku za Hajji, lilichongwa lilingane na matarumbeta ya kiwandani, kwa kuwa wateja walikuja na vipulizio vyao. Nililichonga la Okiror kwa kipimo hicho hicho. Nilikuwa nalo mkononi wiki baada ya wiki. Kipande kile kingeingia kwenye tarumbeta lolote Uganda, na siku ile kiliposhika na kulia kama nzi, shida ya Okiror ilikuwa imekwisha. Angeweza kuondoka siku hiyo. Badala yake alikaa kwenye ndoo akinisubiri nigonge ua ambalo hakulihitaji, kisha akaona likikatwa, kisha akalala siku tatu akidhani maisha yake yamekatwa pamoja nalo.

"Hajjat," nikasema, "ulijua?"

Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule, kabla wala baada.

"Wallahi sikujua," akasema. "Nilidhani atatusubiri."

Kanuni zetu mbili zilianzia kwenye uzio ule. Ua la kwanza bado linakatwa, na maua yenu niliyakata mimi, kwa sababu katika hilo naamini alikuwa sahihi: ua langu la tatu lilikuwa jambo jingine kabisa, na nisingelifikia kama la kwanza lingenipongeza kila siku kutoka kwenye bendi. Ila linakatwa likiwa halina mtu anayelisubiri. Na aliyeumia mdomo anapewa nta kwanza. Wengi wao wameondoka hapa na kipande cha kujaza kiganja, wakarudi kwenye matarumbeta yao. Kati ya kazi zangu zote, hizo ndizo nilizozifanya vizuri zaidi, na hakuna hata moja inayong'aa.

Kesho yake baada ya gwaride Okiror alikuja kuchukua kofia yake. Hajjat alikuwa anafunga mizigo ya kurudi Jinja. Korporali akanisalimu mimi, "Fundi," akachukua kofia msumarini, akaikung'uta.

"Afande, ulipiga vizuri," Hajjat akasema.

"Ndiyo."

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa na hasira. Niliingia stoo ya bendi nikachukua ile tarumbeta mbaya niitukane. Nikaitukana na hii." Akagusa mfuko wa shati.

"Bado una hasira."

Okiror akaivaa kofia, akainyoosha.

"Mama, mimi nilikuja hapa na mdomo. Nyinyi mlikuwa mnatengeneza maua."

Hajjat alisogea karibu, akafungua kiganja mbele yake, kama alivyofanya kwa kila kazi iliyowahi kupita karakanani.

"Kale, haya. Naomba nikione."

Okiror akafungua kifungo cha mfuko, akakitoa kipulizio. Hakukiweka kwenye kiganja.

"Hapana, Mama. Nitashika mwenyewe. Wewe angalia."

Akakiinua kwa vidole viwili, karibu na dirisha penye mwanga. Hajjat Nuriati akairudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko, akainama, akaangalia.